Afya ya Mtoto: Kulitazama Ini Bila Sindano

Mwezi huu tuzungumze juu ya ini la mtoto, na juu ya kipimo ambacho wengi wetu tunakijua kwa ajili ya mimba tu. Mama akiambiwa, "Mpeleke mtoto akapigwe ultrasaundi," huenda akashangaa. Mtoto ameshazaliwa, kuna nini tena cha kutazama? Kumbe mashine ile ile iliyokuonyesha mtoto akiwa bado tumboni inaweza kuonyesha ini lake, mfuko wake wa nyongo na bandama lake, bila sindano, bila kisu na bila mionzi. Inatumia sauti, tena sauti kali mno ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti ikigonga nyama laini hurudi kwa namna moja, ikigonga maji au kovu hurudi kwa namna nyingine, na mashine hugeuza mwangwi huo kuwa picha.

Nianze na jambo lisilongoja. Watoto wachanga wengi huwa na macho ya manjano kuanzia siku ya pili au ya tatu, na kwa walio wengi rangi hiyo huisha yenyewe kabla ya wiki 2. (Tusiiite homa ya manjano. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa kuambukizwa na mbu.) Hapo ndipo majirani na bibi wanaposhauri mtoto aanikwe juani. Kule Makete na Mafinga, mwezi wa Juni na Julai, jua lenyewe unalitafuta, na mtoto anaishia kupigwa na baridi. Lakini hata jua lingekuwa la Dar es Salaam, haliwezi kuzibua mrija wa nyongo ulioziba.

Kuna watoto wachache wanaopatwa na ugonjwa huo wa kuziba mirija ya nyongo. Nyongo inayotengenezwa na ini inakosa njia ya kushuka kwenye utumbo, inabaki ndani na kuliunguza ini mpaka linakuwa kovu tupu. Jambo linalotudanganya ni kwamba katika wiki za kwanza mtoto wa namna hii ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, halii ovyo. Dalili yake iko kwenye nepi. Choo kinakuwa cheupe kama chokaa au udongo wa mfinyanzi, na mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, unaacha doa kwenye kitambaa. Mama ndiye anayefua nepi, kwa hiyo mama ndiye wa kwanza kuona. Ukiona choo cheupe, usimwage. Ifunge nepi, uende nayo hospitali ikaonwe.

Daktari mmoja wa Japani, Morio Kasai wa mji wa Sendai, alianzisha katika miaka ya 1950 upasuaji wa kuuleta utumbo mpaka kwenye ini ili nyongo ipate njia. Mpaka leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake. Lakini unafaa zaidi mtoto akiwa bado hajapita siku 60 hivi. Sasa hesabu nami, mama. Chanjo ya wiki 6 inampata mtoto akiwa na siku 42. Kama hujaenda popote na manjano yale mpaka siku hiyo ya kliniki, umebakiwa na siku 18 za vipimo, rufaa, nauli na safari. Kutoka Mbeya hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 800. Ndiyo maana nasema usingoje kliniki. Macho yakiwa bado ya manjano baada ya siku 14, peleka mtoto.

Hospitalini kutatolewa damu kidogo, na hilo halikwepeki. Kinachotafutwa ni bilirubini, ile rangi ya manjano yenyewe, na maabara inapaswa kuzitenganisha aina zake mbili, maana aina moja ndiyo inayotuambia kwamba nyongo imeziba. Kisha inakuja ultrasaundi. Mtoto mchanga huambiwa asinyonye kwa muda wa saa 4 hivi ili mfuko wa nyongo ujae na uonekane. Saa hizo ni ndefu kwa mama kuliko kwa mtoto! Omba upangiwe asubuhi na mapema, mnyonyeshe vizuri kabla ya muda huo kuanza, na umwambie anayepima ni saa ngapi mtoto alinyonya. Chukua blanketi, kwa sababu ile jeli inayopakwa tumboni ni ya baridi na vyumba vyetu vya Nyanda za Juu havina joto. Kisha atakapomaliza, mnyonyeshe hapo hapo.

Mpimaji anatazama kama mfuko wa nyongo upo, kama ni mdogo mno au umesinyaa, na kama kuna kovu lililonenepa mahali mirija inapokutana chini ya ini. Akiviona vitu hivyo, shaka inakuwa kubwa. Asipoviona, bado hatujamaliza. Picha nzuri haiondoi ugonjwa huu, na mama mwenye nepi nyeupe mkononi asikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu ya picha peke yake. Aombe kwa heshima daktari wa watoto amwone.

Mashine hizi hazipo mbali nasi siku hizi. Zipo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo kitengo chake cha wazazi kiko Meta, zipo hospitali ya mkoa pale Iringa, na hata hospitali za misheni kama Tosamaganga, Ilula na Ikonda. Kama fedha ni tatizo, pitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa.

Tuje kwa watoto wakubwa. Mtoto wa miaka 5 au 8 mwenye tumbo lililojaa upande mmoja, kwetu huambiwa "ana bandama," na bado wapo wanaochanjwa kwa wembe juu ya mbavu. Wembe haufiki kwenye bandama. Unaacha alama na pengine unaleta maambukizo mengine. Tena tusiseme haraka kwamba ni malaria. Mikoa ya Iringa na Njombe ni kati ya ile yenye malaria kidogo kabisa Tanzania, kwa hiyo ini au bandama lililovimba hapa kwetu linadai kutafutiwa sababu. Inaweza kuwa selimundu, kifua kikuu kilichoshuka tumboni, virusi vya homa ya ini aina ya B, au kichocho cha tumbo kwa mtoto aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa kichocho hicho ultrasaundi imesaidia sana. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, nchini Niger, wakapatana jinsi ya kuzisoma picha za ini la mgonjwa wa kichocho, ili daktari wa Mwanza na wa Misri waone jambo lile lile.

Utaratibu huo wa Niamey ulitumika pia Makueni, nchini Kenya, kwa watoto wa shule 218. Baadhi yao walikutwa na ini lililovimba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wenye ini kubwa walikuwa pia na alama nyingi zaidi za sumu kuvu katika damu. Sumu kuvu, mama, ni ile inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga zisizokauka. Nasi isitupite hivi hivi, kwani utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2013, uliochukua watoto wadogo wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, uliikuta alama hiyo kwa watoto 84 katika kila 100. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Kwa hiyo karanga za uji wa mtoto zichambuliwe moja moja. Iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe, wala asipewe kuku.

Huenda umesikia juu ya mashine nyingine inayopima ugumu wa ini. Ilitoka Ufaransa mwaka 2003. Inagonga ubavu kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole, na kupima mtikisiko unavyosafiri ndani. Ini laini huupitisha polepole, ini lenye kovu huupitisha haraka. Ni kipimo kizuri kwa watoto wanaohitaji kutazamwa mara kwa mara, maana zamani ilibidi kukata kipande cha ini kwa sindano nene. Lakini ni mashine ya gharama kubwa, hutarajii kuikuta hospitali ya wilaya. Mama asiuze shamba kuitafuta kabla vipimo vya kawaida havijafanyika.

Siku ya kipimo nenda na kadi ya kliniki. Mtoto apimwe uzito na urefu, kwa sababu ukubwa wa ini husomwa kulingana na umri na urefu wake. Mwambie daktari dawa zote alizokunywa, hata zile za mizizi alizopewa na shangazi. Usifiche kwa aibu, baadhi ya dawa hizo zinaumiza ini. Na ukimaliza usiondoke na picha tu. Omba karatasi iliyoandikwa majibu, uiweke ndani ya kadi, ili ukipewa rufaa ya Muhimbili uwe nayo mkononi.