Msaragambo Uliosalia

Ndugu zangu wa Kang'ata, na nyinyi jamaa zetu wa Handeni yote na Korogwe, mbiu ya msaragambo ipigwapo katika nchi yetu hii hapana asiyejua la kutenda: wanaume hubeba mawe, wanawake hujitwisha maji na mchanga, vijana hufyatua matofali, na mzee asiyeweza kunyanyua kitu huketi chini ya mwembe akawahimiza wenziwe kwa maneno, hata kuta za zahanati zikainuka mahali palipokuwa kichaka. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, ulioazimia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, uliitegemea sana mikono hiyo. Lakini siku mganga anapokabidhiwa ufunguo, sisi hujipangusa vumbi tukarudi mashambani, tukidhani kazi yetu imekwisha.

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu, aliyekuwa na mtoto mwenye homa kali, mpaka zahanati moja ambayo sina haja ya kuitaja. Muuguzi, naye alikuwa peke yake, alimpima mtoto kwa upole, akaandika dawa, kisha akasema kwa haya kwamba dawa hiyo haipo, tukainunue dukani. Mama yule alikuwa na shilingi elfu mbili katika pindo la kanga, na mwanawe hakuwa ametimiza miaka 5, umri ambao sera ya nchi inataka mtoto atibiwe bila malipo. Na malipo kweli hakudaiwa, ila dawa hakupewa. Nilipokwenda kumwuliza mjumbe mmoja wa kamati ya zahanati ile dawa ziliagizwa lini, alinitazama kwa mshangao, akajibu kuwa hakumbuki kikao cha mwisho kilikuwa mwezi gani. Sikuweza kumlaumu peke yake, kwa kuwa mimi nami sikupata kumwuliza neno kabla ya siku ile.

Kamati hizi si hisani ya mkubwa yeyote. Kila zahanati ya umma yapasa iwe na kamati yake ya usimamizi, yenye wawakilishi wa wananchi, mganga mfawidhi akiwa katibu. Na juu yake iko Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri. Tena tangu mwaka wa fedha 2017/18 limetokea badiliko kubwa ambalo wengi hatujalitia maanani: fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambazo zamani zilipitia halmashauri, sasa huingia moja kwa moja katika akaunti ya zahanati yenyewe. Hesabu imetujia mlangoni, nasi tungali tukitazama njia ya wilayani. Makasha ya dawa yanapofunguliwa, wajumbe wa kamati ndio watakiwao kushuhudia. Basi penye kamati iliyolala hapana shahidi, na pasipo shahidi hata mtumishi mwaminifu hana wa kumtetea akisingiziwa.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya wasomi. Hao nawakumbusha kuwa Korogwe ilikuwa miongoni mwa mahali 11 katika Afrika ambako chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kuanzia mwaka 2009, na wazazi wa huko walielezwa, wakauliza, wakaridhia, wakawatoa watoto wao wapimwe damu kwa manufaa ya dunia nzima. Watu walioaminiwa katika jambo la elimu kubwa namna ile watashindwaje kusoma leja ya dawa?

Wala siwaiti mkamkabe mganga. Muuguzi anayezalisha usiku kwa mwanga wa simu, hana mwenzi wa kumpokea zamu, atakuwa wa kwanza kunufaika, maadamu kilio chake kitafika halmashauri ndani ya muhtasari uliotiwa sahihi na kamati, badala ya kubaki manung'uniko yake peke yake.

Ninaloliomba ni hili. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 imemweka kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano ujao tusiuache kwa wachache. Tuujaze kama tunavyoujaza uwanja siku ya matofali, na kamati ya zahanati isimame itusomee ni fedha kiasi gani ilizopokea, ni dawa zipi zilizokosekana na kwa siku ngapi, na maombi yake yalipelekwa lini. Kamati ikiwa imemaliza muda wake, au wajumbe wake wamehama na wengine kufariki, tuchague wengine papo hapo, na wanawake wawemo, maana wao ndio wanaolala kwenye mabenchi ya zahanati na watoto mgongoni. Na kabla ya hesabu kusomwa, mama yule wa shilingi elfu mbili, na kila aliye kama yeye, apewe nafasi ya kusema yaliyomkuta, na maneno yake yaandikwe katika muhtasari kama alivyoyasema.