Akiba Nayo Huoza

Wahenga walilonga kuwa akiba haiozi. Aliyelelewa nchini Kenya katika miaka ya themanini hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia methali hiyo. Ukame wa mwaka 1984 ulipozikausha ghala, familia nyingi zilikula mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Katika nyumba za wakati huo hakikutupwa kitu. Mkebe wa mafuta ya kupikia uligeuka gorogoro la kupimia nafaka au koroboi ya kumulikia daftari. Gazeti la jana likajalidi vitabu. Kaptura ya kifunguamimba ikamshukia kitindamimba, na ilipochakaa ikawa tambara la kupigia deki.

Leo mtoto huyo ni mtu mzima, mkazi wa mjini. Uvunguni mwake mmejaa chaja za simu zilizokwisha kufa, risiti zilizofifia, na mifuko ya plastiki iliyokunjwa kabla ya marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017. Kila Jumamosi huazimia kuvitupa, na kila Jumamosi mkono husita. Sauti ya mama bado humnong'oneza kwamba kitu hicho kitamfaa siku moja. Kutupa humwia sawa na kumkana aliyemlea.

Wapo wamchekao na kumwita bahili. Hao hawamtendei haki, kwani hofu yake ni ya kupungukiwa, na hofu hiyo ina historia. Hata hivyo, ni dhahiri kuwa amerithi nusu tu ya funzo. Mzazi wake aliweka kitu akimjua fundi wa jua kali atakayekiunga, jirani atakayekiomba, na mtoto atakayekivaa. Mwana huweka bila kumjua yeyote.

Fauka ya hayo, akiba nayo huoza. Sandukuni mwa wengi mngalimo vitabu vya darasa la nane vilivyowekewa wajukuu, ilhali mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Mchwa hawakuvigusa, muda ndio uliovila. Vingetolewa mapema, mtoto fulani angalivisoma.

Basi swali la kujiuliza uvunguni si lini kitu kitafaa, bali kitamfaa nani leo. Akipatikana wa kukitumia, apewe; asipopatikana, kitu kiagwe bila majuto. Mama hatakuwa amekanwa, kwani yeye mwenyewe hakuwahi kuufunga mkono wake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.