Stesheni ya Bukoba na Muleba ni Gati la Kemondo

Mwezi Juni 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro juu ya reli ya kisasa, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341, kilianza kujengwa mwaka 2021. Taifa limejitwisha mzigo mkubwa wa fedha na jasho ili Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi viunganishwe kwa reli hiyo, na kazi hiyo ni ya kujivunia. Hata hivyo, liko swali ambalo halina budi kuulizwa mapema, kabla treni haijapiga honi Mwanza: mkulima wa kahawa wa Kamachumu na mwalimu wa Nshamba watafaidika vipi?

Ramani inatoa nusu ya jibu. Mkoa wa Kagera, ambao kwa hesabu ya mwaka 2022 una watu wapatao milioni 3, uko ng'ambo ya ziwa. Hata njia inayokusudiwa kutoka Isaka hadi Rusumo ikijengwa, itapita Ngara, mbali na Bukoba na Muleba. Kwa wananchi wa wilaya hizo reli itafika kwa njia ya maji. Na kwa kuwa Kemondo iko kwenye barabara kuu kati ya Bukoba na Muleba, na ina bandari, basi stesheni yao ya reli ni gati la Kemondo. Jambo hili likikubaliwa, mipango mingine yote hubadilika.

Jambo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1960 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilileta ziwani MV Umoja na MV Uhuru, meli zenye reli ndani yake, na mabehewa yakawa yanaingizwa melini pamoja na shehena yake. Kemondo nayo ikajengewa gati la kuyapokea. Faida yake ilikuwa wazi: gunia likiisha kupakiwa ndani ya behewa ng'ambo moja ya ziwa, halikuwa na haja ya kushushwa ng'ambo ya pili ili liendelee na safari.

Lakini reli za meli hizo, kama reli ya zamani ya kati, zina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli mpya haliwezi kuingia katika meli ya zamani. Basi isipoamuliwa leo jinsi shehena itakavyovuka kutoka treni kwenda melini, itavuka kwa mabega ya wapagazi, na kila mzigo unaposhushwa na kupakiwa upya kuna gharama, upotevu na siku zilizopotea. Anayelipa gharama hiyo mwishoni si mwenye meli wala mwenye treni. Ni mkulima, kwa bei ndogo ya kahawa yake. Dawa inajulikana: makontena ya kipimo kimoja, na winchi zenye uwezo wa kuyanyanyua Mwanza na Kemondo pia. Kuweka winchi upande mmoja na kuusahau upande wa pili ni kujenga nusu ya daraja.

Kwa upande wa abiria, Kagera ina somo ambalo lilinunuliwa kwa bei ya kutisha. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Chombo kiliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokuwamo walikuwa wengi kupita kiasi hicho. Meli mpya ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini mwaka 2023, imeundwa kwa abiria 1,200 na mizigo tani 400. Ni chombo kikubwa, lakini ukubwa wa chombo hauwezi kuchukua nafasi ya utaratibu wa gati. Treni moja inaweza kumimina mamia ya watu bandarini kwa saa moja. Pasipokuwa na ukumbi wa kungojea, tiketi zenye hesabu ya kweli, taa, maji na lango linalofungwa chombo kinapojaa, msongamano utarudi, na msongamano majini ni mauti.

Uwanja wa ndege nao ni sehemu ya shauri hili hili. Uwanja wa Bukoba umebanwa kati ya mji na ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka majini karibu na uwanja huo. 19 walikufa, na wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kuwaokoa wengine. Tangu zamani eneo la Omukajunguti wilayani Missenyi limekuwa likitajwa kwa uwanja mpya. Lolote litakaloamuliwa, lipimwe kwa safari nzima ya mwananchi. Missenyi iko kaskazini mwa mji wa Bukoba na Muleba iko kusini. Uwanja ukihamishwa bila basi la uhakika linalogusa Kemondo, Bukoba na uwanja wenyewe, mtu wa Muleba atakuwa amepata ndege na kupoteza njia.

Majirani wa Kenya waliyaona hayo mwaka 2017. Reli yao mpya kutoka Mombasa iliishia Syokimau, nje ya katikati ya Nairobi, ikabidi treni ya reli ya zamani itumike kuwafikisha abiria mjini. Hapa nchini, Makambako inafundisha upande mwema: pale reli ya TAZARA ilipokutana na barabara kuu, mji wa biashara ulikua. Makutano ya njia huzaa mji, upangwe usipangwe. Tofauti ni kwamba mji uliopangwa huwa na soko, stendi, zahanati na mitaro, na usiopangwa huwa na vibanda, matope na kesi za viwanja.

Hapo ndipo penye shauri gumu kuliko yote. Ardhi inayozunguka Kemondo si pori. Kwa Wahaya kibanja ni migomba, mibuni na makaburi ya wazee. Mwananchi akiambiwa asijenge wala asipande kwa sababu ya mradi, kisha miaka ikapita bila fidia, amenyang'anywa kwa ukimya. Kwa hiyo mipaka ya eneo la stesheni ipimwe mapema, itangazwe hadharani, na fidia ilipwe kwanza. Vinginevyo walanguzi wenye habari za ofisini watanunua kwa senti na kuliuzia taifa kwa mamilioni.

Wapo wanaosema kwamba daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemaliza tatizo, na kwamba mabasi na malori yanatosha. Daraja hilo ni ukombozi wa kweli. Lakini mzigo mzito na wa mbali ni kazi ya reli na meli; kuutwika wote kwenye lori ni kuila barabara ambayo taifa zima limeigharamia. Daraja litimize wajibu wake, na gati nalo litimize wajibu wake.

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba kupanga ni kuchagua. Uchaguzi ulioko mbele ya Kagera ni huu: ama reli, bandari, viwanja vya ndege na halmashauri za Bukoba na Muleba zikae meza moja chini ya uongozi wa mkoa, na kutoa ramani moja na ratiba moja ambamo meli huingoja treni na basi huingoja meli, ama kila idara ijenge chake na mwananchi abaki kuunganisha vipande kwa miguu yake. Watumishi wa ardhi, mipango na ujenzi ndio wenye kalamu. Walimu, wanaosafiri kila likizo na kuaminiwa vijijini, ndio wenye sauti ya kuieleza ramani hiyo na kuuliza iko wapi pale inapofichwa. Chama kiliwaahidi wananchi maendeleo, na wananchi wa Kemondo wana haki ya kuyaona kwenye karatasi kabla hawajayaona kwenye mashamba yao.