KINDLE YA STAA ISIKUTOE LAKI TATU, SOMA HAPA KWANZA



Kuna staa mmoja wa Bongo Muvi, jina kapuni, kapiga picha ufukweni kashika Kindle. Basi vijana wa Simiyu mmejaa inbox: ninunue ipi, Kindle au Kobo? Mi nasema hivi: usinunue picha. Jiulize kwanza unasoma nini.

Sifa za hivi vifaa ni za kweli. Kioo chake kinaonekana kama karatasi, hata jua letu la saa saba mchana unasoma freshi. Chaji inakaa wiki kadhaa, umeme ukikatika we unaendelea tu.

Tatizo ni hela. Mwaka 2024 Kindle ya kawaida ilitoka kwa dola 110, Kobo Clara BW dola 130. Ukiweka na gharama za kuileta mpaka huku, laki tatu inapita. Kwa dereva boda hiyo sio hela ya kuchezea.

Kati ya hizo mbili, mi naipa Kobo. Faili la EPUB unaliingiza kwa waya kutoka kwenye kompyuta, linafunguka. Kindle ukifanya hivyo inagoma, mpaka ulitume kwa njia ya Amazon, yaani bando tena.

Ila wengi wenu mnasoma PDF za magrupu ya WhatsApp. Ukurasa wa A4 kwenye kioo cha inchi 6, herufi zinakuwa kama sisimizi. Na vitabu vya kiada TET wameviweka bure Maktaba Mtandao, simu yako inatosha.

Wapenzi wa riwaya za Kiswahili je? Chukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ile Amil Shivji aliyoitolea filamu 2021, au Peponi ya Gurnah iliyotoka kwa Kiswahili 2022. Kwa laki tatu unapata vya karatasi vya kujaza shelfu. Ukimaliza kimoja unamwazima mshkaji, naye anamwazima dada yake. Na mwandishi wetu anapata chake, tofauti na hizo PDF za wizi.

Kwa hiyo kama unamaliza riwaya za Kiingereza kila mwezi, vuta Kobo. Wengine nunueni vitabu. Yule staa mwenyewe mpaka leo hajatuambia alikuwa anasoma nini!

We unaonaje? Dondosha komenti yako hapo chini.