Mipaka ya uhuru wa maoni mtandaoni

Tarehe 30 Mei 2025, jijini Nairobi, polisi walipekua nyumba ya mtaalamu mmoja wa kompyuta, wakachukua vifaa vyake na kumtia mbaroni. Alikuwa ametengeneza programu iliyowarahisishia wananchi kutuma bungeni, kwa barua pepe, pingamizi zao dhidi ya Mswada wa Fedha. Alishtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta; tarehe 20 Juni mahakama ikayatupilia mbali mashtaka.

Hatusemi kwamba uhuru wa maoni hauna mipaka. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya haiwalindi wanaochochea vita, ghasia au chuki, na ndivyo inavyopasa, kwa maana neno laweza kuua. Lakini Ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Iweje basi anayewafungulia mlango huo ahesabiwe mhalifu?

Mahakama ilitenda haki, ila mshtakiwa alikuwa amekwisha kulala rumande, na hofu iliyowaingia wengine haifutwi kwa uamuzi wa hakimu. Uzito wa kosa hauna budi kupimwa kabla ya polisi kubisha hodi, si baadaye.