Sindano ya Urembo ni Sindano

Ndugu msomaji, kupenda kupendeza si kosa. Mtu huoga, hujipaka mafuta, husuka nywele na kuvaa nguo safi. Mambo hayo ni mazuri. Lakini siku hizi umezuka urembo wa namna nyingine. Ni urembo wa kuchoma uso kwa sindano ndogo ndogo. Umeenea katika nchi nyingi, na vifaa vyake vinauzwa kama bidhaa nyingine za madukani.

Maoni yetu ni haya: kutoboa uso wa mtu ni kazi ya tiba. Si kazi ya kufanywa kama kusuka nywele. Anayeifanya bila kujifunza utabibu anahatarisha maisha ya watu.

UREMBO HUU NI UPI?

Kifaa kinachotumika ni kigurudumu kidogo chenye mpini. Kigurudumu hicho kimejaa sindano nyembamba na fupi. Hupitishwa juu ya uso, nazo sindano hutoboa ngozi matundu mengi madogo. Kipo pia kifaa cha umeme kinachofanana na kalamu. Sindano zake huingia na kutoka upesi upesi.

Kwa nini mtu akubali kuchomwa hivyo? Ngozi ikijeruhiwa, mwili huanza kuitengeneza upya. Hujaza nyama changa mahali palipoumia. Kwa njia hiyo, mashimo yaliyoachwa na chunusi huweza kupungua, na ngozi iliyokunjamana huweza kunyooka kidogo. Hiyo ndiyo faida inayotafutwa.

Kujeruhi ngozi kwa ajili ya urembo si jambo geni kwetu. Wamakonde walichanja nyuso zao kwa ustadi mkubwa. Walijua kwamba ngozi iliyojeruhiwa ikipona huacha alama. Wao walizitaka alama hizo. Lakini mtu anayetafuta uso laini hazitaki, naye anaweza kuzipata. Watu wenye ngozi nyeusi hupata makovu ya kuvimba mara nyingi zaidi kuliko watu wenye ngozi nyeupe. Wengine hubaki na madoa meusi. Kwa hiyo, mtu anaweza kwenda kuondoa makovu akarudi na makovu makubwa zaidi.

NCHI MOJA, MWAKA MMOJA

Sikiliza mambo mawili yaliyotokea Marekani mwaka 2018.

La kwanza ni hili. Mwaka huo Serikali ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza kifaa kimoja cha sindano hizi kiuzwe kwa ajili ya kutibu makovu ya chunusi usoni. Kabla ya kutoa ruhusa, wataalamu walikichunguza. Kiliruhusiwa kwa watu wenye umri wa miaka 22 au zaidi.

La pili ni la huzuni. Mwanamke mmoja wa jimbo la New Mexico alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI. Hakuwa amefanya mambo ambayo kwa kawaida huleta ugonjwa huo. Alikumbuka jambo moja tu: alikwenda kwenye nyumba ya urembo akachomwa sindano usoni. Huko mteja alitolewa damu mkononi, damu ikazungushwa kwenye mashine, kisha sehemu yake ikarudishwa usoni pamoja na sindano.

Wakaguzi walipofika walikuta nyumba hiyo haina leseni. Chupa za damu hazikuandikwa majina. Zilihifadhiwa katika friji ya jikoni, pamoja na chakula. Uchunguzi uliendelea miaka kadhaa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kuwa wanawake 3 waliambukizwa virusi hivyo kwa njia ya huduma za nyumba hiyo. Mwenye nyumba alikiri mahakamani mwaka 2022 kuwa alifanya kazi ya udaktari bila leseni, akafungwa.

Sindano zilikuwa za aina moja, nchi moja, mwaka mmoja. Tofauti ilikuwa mikono iliyozishika na usafi wake. Tena jambo hili lilitokea katika nchi tajiri yenye hospitali nyingi. Basi tusidhani kwamba pahali penye taa na vioo ni pahali salama.

SOMO TUNALOLIJUA

Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo tulifundishwa kutochangia nyembe wala sindano. Somo hilo halijabadilika. Kigurudumu kilichopita uso wa mtu mmoja kisipite uso wa mwingine, hata kama ni ndugu yake. Kukipangusa kwa kitambaa na spiriti hakutoshi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi, navyo bado vina nguvu ya kuambukiza.

Wapo watakaosema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ni kweli, urembo una taabu zake. Lakini kuinama ni jambo moja, na kuuza afya yako ni jambo jingine.

TUFANYE NINI?

1. Ukiwa na chunusi, usizikamue. Osha uso taratibu kwa maji na sabuni isiyo kali. Zikizidi, nenda zahanati. Chunusi zikitibiwa mapema huacha makovu machache.

2. Ukiwa na makovu yanayokusumbua, omba zahanati ikuelekeze kwa daktari wa ngozi. Mwambie kama ngozi yako huvimba inapopona.

3. Daktari akikushauri uchomwe sindano hizi, omba kuona pakiti mpya ikifunguliwa mbele yako. Sindano zikishatumika zitupwe.

4. Usichomwe sindano wakati una chunusi zenye usaha au kidonda usoni.

5. Kama umekwisha chomwa kwa kifaa kilichotumiwa na mtu mwingine, usione haya. Nenda kituo cha afya mara moja. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, lakini ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Kama saa hizo zimepita, nenda ukapimwe.

6. Viongozi wa vijiji, akija mtu siku ya gulio na sindano za urembo, mwulizeni amesomea wapi na leseni yake iko wapi. Akikosa jibu, asiguse uso wa mtu.

Ndugu msomaji, ngozi ni ukuta wa mwili. Huzuia vijidudu visiingie. Ukiruhusu ukuta huo utobolewe, mjue vizuri anayeutoboa, na uijue sindano aliyoishika. Wasomee habari hii vijana wa nyumbani kwako, wa kike na wa kiume.