Reli Hupangwa Kabla ya Mji Kujaa

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Tabora ilifuata nchi ya chini ya mto Malagarasi, ikapita Uvinza na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Kasulu na Kibondo, zilizo katika nyanda za juu upande wa kaskazini, ziliachwa kando. Tangu hapo maharage, mahindi na kahawa ya Buha havina budi kusafirishwa kwa barabara.

Jambo la reli sasa limerudi. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, kwenye nikeli. Hiyo ni njia ya mizigo hasa. Lakini watu wa Mkoa wa Kigoma waliongezeka kutoka milioni 2.1 mwaka 2012 hadi karibu milioni 2.5 mwaka 2022, na miji yake inapanuka. Yafaa basi kuuliza mapema: siku Kasulu na Kibondo zitakapohitaji treni ya kuwapeleka watu kazini, sokoni na shuleni, treni hiyo itapita wapi?

Wengi watajibu kwamba itafuata barabara. Fizikia haikubali. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana: kuvuta tani moja mahali tambarare kwahitaji kani ya nyutoni 20 hivi. Lakini katika mwinamo wa mita 1 kwa kila mita 100, uzito wenyewe huongeza nyutoni 100 kwa kila tani. Treni ya tani 300 iliyohitaji nyutoni 6,000 sasa yahitaji 36,000, yaani mara sita. Mwinamo ambao basi hupanda kwa kubadili gia tu waweza kuisimamisha treni kabisa. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko zaidi ya mita 1,200. Kupanda mita 400 kwa mwinamo huo kwataka njia ya kilomita 40 isiyoshuka hata mara moja. Njia ya namna hiyo hutafutwa kwa ramani ya kontua, ikizunguka vilima. Haipatikani kwa kufuata barabara.

Dar es Salaam yatoa funzo. Treni za abiria wa mjini zilianza huko Oktoba 2012, zikitumia reli mbili zilizokuwapo: ya kati, yenye upana wa milimita 1,000, na ya TAZARA, yenye milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 yatosha kulizuia behewa la njia moja lisiingie katika nyingine. Tena njia hizo zilichaguliwa kwa ajili ya bandari na safari za mbali, wala si kwa kufuata makazi ya wafanyakazi. Reli mpya ya milimita 1,435, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ilipofika katikati ya jiji ilibidi iinuliwe juu ya daraja la zaidi ya kilomita 2. Mji mdogo wa nyanda za juu hautamudu gharama kama hiyo.

Kigoma ina jambo jingine la kufikiriwa. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1972 iliwakusanya watu kando ya barabara, na hata leo makazi mengi yamejipanga hivyo. Hali hiyo ina faida, kwa kuwa abiria wako katika mstari mmoja. Ina hasara pia, kwa kuwa kila mita ya mstari huo ina nyumba ya mtu. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kibaha zilivunjwa ili kupanua Barabara ya Morogoro. Machozi ya namna hiyo huepukwa kwa kupima mapema.

Kwa hiyo halmashauri za Kasulu na Kibondo zingefaa kutenga sasa ukanda wa mita 30 upitao karibu na soko, hospitali na stendi. Kilomita 10 za ukanda huo ni hekta 30 tu. Atakayesema kwamba ardhi italala bure ajibiwe kuwa maharage na mahindi yaweza kulimwa humo kila msimu. Kinachokatazwa ni nyumba na miti ya kudumu. Na kama treni haitakuja kamwe, njia yenye mwinamo wa taratibu itayafaa mabasi, kama yale yaendayo haraka yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Shule nazo zina kazi. Mwalimu wa Jiografia na mwenzake wa Fizikia waweza kuwatoa wanafunzi wakiwa na ubao, kamba na pimamaji ya fundi mwashi, wakapima mwinamo kutoka shuleni hadi sokoni na kuuchora. Halmashauri itakapoketi kujadili ramani ya mji, vijana waliopima watakuwa na hoja ya kutoa.